Plagi haina moto? Fuata waya wa koili kwanza

Pikipiki ya zamani ikizima njiani kati ya Tabora na Sikonge, usikimbilie kununua koili, kifaa kinachokuza umeme ili plagi itoe cheche. Mara nyingi kosa liko kwenye waya.

Fungua plagi, ivalishe kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, kisha piga kiki. Cheche ya buluu inatosha. Ikiwa nyekundu au haipo, chomoa waya wa swichi ya kuzimia unaokwenda kwenye CDI, kisanduku cha umeme kinachoiamuru koili itoe cheche; kwa Honda nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Moto ukirudi, waya huo au swichi inagusa bodi.

Bado? Angalia ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha fremu, ambayo wengi huisahau. Koili nyingi ndogo za CDI hupata ethi kupitia bolti zinazoishika kwenye fremu, kwa hiyo kutu au rangi mpya inaweza kuikata. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

Ndipo uchukue mita ya kupima omu (ukinzani wa umeme). Kati ya pini ndogo ya koili na chuma chake tarajia omu 1 au pungufu. Kati ya pini na waya mnene uendao kwenye plagi, bila kofia, kiloomu 3 hadi 6 hivi. Kofia yenye rezista peke yake mara nyingi huwa karibu kiloomu 5. Mita isiposoma kitu kwenye waya mnene, kata milimita 5 za ncha iliyooza, skrubu kofia upya, pima tena.

Pikipiki za platini (zinazokata umeme wa koili kwa vidole vya chuma badala ya CDI) zina koili tofauti; nyingi za betri ya volti 12 huwa na omu 3 hadi 5. Usizibadilishane.