Sare ya kidato cha kwanza: kabla hujampa fundi kitambaa

Mzazi, hapa Tanzania ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare bado ni juu yako. Majina ya waliochaguliwa yakitoka tu, anza. Ukisubiri Januari utakuta fundi ana foleni mpaka mlangoni.

Chukua fomu ya kujiunga ya shule husika, ya mwaka huu. Viatu mara nyingi ni vyeusi vya kamba. Nywele zinyolewe nyumbani.

Sasa rangi, na hapa nisikilize. Fomu ya binti yangu ilisema sketi ya bluu iliyoiva. Nikaenda dukani usiku, taa zinawaka, nalinganisha na picha ya simu niliyotumiwa na mzazi mwenzangu. Muuzaji akaniambia, "Ndiyo hiyo hiyo mama, wote wanachukua." Fundi akashona mbili za marinda, zikamkaa vizuri kweli. Siku ya kuripoti mwalimu wa zamu akamsimamisha pembeni. Sketi za wenzake zilikaribia weusi. Yake ukiiona juani ni bluu ya bahari. Tukarudishwa. Nauli tena, kitambaa tena, fundi akataka bei ya haraka, na mtoto akakosa siku nne za masomo. Alipoingia darasani wenzake walishampa jina, "Bluu", na alilia nalo muhula mzima. Hilo liliniuma kuliko hela.

Kwa hiyo azima sketi ya mtoto anayesoma pale, nenda nayo dukani mchana, na kitambaa kitoe nje ukitazame juani. Hijabu nayo ina rangi yake, ulizia. Fomu ikiwa na mchoro wa mshono, mpe fundi mchoro wenyewe, usimsimulie.

Wavulana, tatizo ni suruali. Usimpe hela akachukue mwenyewe kwa fundi, ataibana, na mwalimu wa nidhamu akiifumua mstarini hakuna wa kukulipa. Acha pindo nene, wanarefuka haraka.

Jina lidarizwe kwa uzi ndani ya kola, maana wino unafutika na sweta za bweni hutembea. Nembo usiishone mpaka sare ikubaliwe. Risiti tunza. Na jambo lolote ambalo fomu haikulisema, piga simu shuleni uulize kabla hujakata kitambaa, hata kama jirani anaapa kuwa anajua.