Namna ya Kuiga kwa Kompyuta Joto na Mtiririko wa Damu Wakati wa Kuunguza Uvimbe wa Ini

Daktari anayetibu uvimbe wa ini kwa joto huingiza sindano nyembamba kupitia ngozi hadi katikati ya uvimbe, kisha hupitisha umeme wa masafa ya redio, takriban kilohezi 500, au mawimbi ya mikrowevu ya megahezi 915 au gigahezi 2.45, mpaka seli zinazoizunguka ncha ya sindano zife. Asichoweza kukiona kwa urahisi ni mahali hasa ambapo joto la kuua linakomea. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuukokotoa mpaka huo, na umekusudiwa mwanafunzi wa uhandisi au fizikia, awe Tudor katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au kwingineko pwani, mwenye kompyuta ya kawaida na ujuzi kiasi wa Python. Homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini, na vyote viwili tunavyo nchini mwetu, kwa hiyo somo hili halipaswi kuachiwa maabara za mbali. Matokeo utakayoyapata ni ya kujifunzia na ya utafiti. Hayatoshi kumwongoza daktari mbele ya mgonjwa.

Msingi wa kazi yote ni mlinganyo uliotolewa mwaka 1948 na Harry Pennes, aliyepima joto ndani ya mikono ya watu:

ρc ∂T/∂t = ∇·(k∇T) + ω ρd cd (Td − T) + Q

Upande wa kushoto ni kasi ya tishu kupata joto. Upande wa kulia, sehemu ya kwanza ni joto linalosambaa ndani ya tishu yenyewe, ya pili ni joto linalochukuliwa na damu, na ya tatu ni joto linaloingizwa na sindano. Joto ambalo mwili hujizalishia ni dogo mno kulinganisha na la sindano, nalo unaweza kuliacha bila hasara. Kwa ini, tumia densiti (ρ) ya kilo 1080 kwa mita ya ujazo, joto mahususi (c) la juli 3540 kwa kilo kwa digrii, na upitishaji joto (k) wa wati 0.52 kwa mita kwa digrii. Kwa damu, tumia densiti (ρd) ya 1050 na joto mahususi (cd) la 3617. Halijoto ya damu inayoingia, Td, ni nyuzi 37.

Kiasi kinachobaki ni ω, yaani ujazo wa damu unaopita katika kila ujazo wa tishu kwa sekunde, na hicho ndicho kinachostahili uangalifu wako wote. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5 na hupokea takriban lita 1.5 za damu kwa dakika, sehemu kubwa yake ikitoka kwenye vena inayoleta damu kutoka utumbo. Kwa hiyo kila mililita ya tishu hupata karibu mililita moja kwa dakika, na ukigawanya kwa 60 unapata 0.017 kwa sekunde. Vitabu vingi hutoa kipimo hiki kwa dakika na kwa kila gramu 100, hivyo badilisha vipimo kabla ya kuandika msimbo wowote.

Usifungue kompyuta bado. Chukua kalamu ukokotoe namba mbili. Ya kwanza ni kipeuo cha pili cha k/(ω ρd cd), ambacho kwa namba zilizotajwa ni milimita 2.8. Ya pili ni ρc/(ω ρd cd), ambayo ni karibu sekunde 60. Namba ya kwanza inasema kwamba mahali ambapo sindano haiingizi joto tena na damu ingali inapita, ongezeko la joto hushuka hadi asilimia 37 ya thamani yake kila baada ya milimita 2.8, na kuizunguka sindano hushuka kwa haraka zaidi kwa sababu joto linatawanyika pande zote. Namba ya pili inasema kwamba baada ya dakika chache tishu yenye damu hai huwa imefika karibu na kikomo chake. Lakini daktari huendelea kuunguza kwa dakika 10 au 12 na eneo lililokufa huzidi kupanuka, kwa sababu tishu iliyoungua huganda, mishipa yake midogo huziba, na damu haipiti tena. Msimbo usiojua jambo hili utatoa eneo dogo kuliko lilivyo. Dawa yake ni kuzidisha ω kwa exp(−Ω), ambapo Ω ni kipimo cha madhara, ili damu ipungue hatua kwa hatua kadiri seli zinavyokufa.

Kipimo hicho hupatikana kwa kujumlisha, katika kila hatua ya muda, A·exp(−E/RT) ikizidishwa kwa urefu wa hatua hiyo katika sekunde, ambapo A na E ni namba za tishu husika, R ni namba isiyobadilika ya gesi, 8.314, na T iko katika kelvini. Kwa ini, thamani zinazotumiwa sana ni A = 7.39×10³⁹ kwa sekunde na E = 257,700 juli kwa moli. Ω inapofika 1, asilimia 63 ya seli huhesabiwa kuwa zimekufa. Jaribu sehemu hii peke yake kwanza: ukiishikilia tishu kwenye nyuzi 60, Ω inapaswa kufika 1 baada ya sekunde tatu na nusu hivi, na kwenye nyuzi 50 baada ya dakika moja. Ukipata tofauti kubwa, huenda umesahau kugeuza selsiasi kuwa kelvini.

Kuhusu Q, anza kwa urahisi: shikilia uso wa sindano kwenye nyuzi 90 na usiingize umeme. Ukishaiamini sehemu ya joto, kokotoa volteji, V, kwa ∇·(σ∇V) = 0 na uweke Q = σ|∇V|², ukianza na σ, yaani upitishaji umeme wa tishu, ya simensi 0.33 kwa mita, inayopanda kwa asilimia 1.5 hadi 2 kwa kila digrii na kuporomoka maji ya tishu yanapochemka karibu na nyuzi 100. Kwa elektrodi yenye umbo la mpira, umbali kutoka kitovu ukiongezeka maradufu Q hupungua mara 16, na ndiyo maana wavu wako, yaani mpangilio wa nukta unazokokotolea joto, lazima uwe laini karibu na ncha.

Wavu wa mhimili mmoja, wenye r na z pekee, unatosha mwanzoni. Tumia nafasi ya milimita 0.5 na hatua ya muda ya sekunde 0.2, katika njia rahisi ya kusonga mbele hatua kwa hatua, kwani ukivuka sekunde 0.4 hivi namba zitaanza kuyumba na kulipuka. Weka ukingo wa nje angalau sentimita 5 kutoka kwenye sindano, kwenye nyuzi 37. Kisha upime msimbo wako dhidi ya jibu linalojulikana: chukua bapa la tishu, shikilia upande mmoja kwenye nyuzi 80, acha ω bila kubadilika, na subiri joto litulie. Umbali wa milimita 2.8 ndani unapaswa kusoma nyuzi 52.8. Asiyefanya jaribio hili hana haki ya kuonyesha picha zenye rangi nzuri.

Sasa tuje kwenye mishipa mikubwa, ambayo mlinganyo wa Pennes hauijui kabisa, kwani wenyewe huichukulia damu kana kwamba imesambaa sawasawa kila mahali. Mshipa wenye kipenyo kinachozidi milimita 3 hivi hubeba joto kwa nguvu kiasi cha kuacha seli hai kando ya ukuta wake, na hapo uvimbe unaweza kuota tena. Chukua mshipa wa milimita 5 wenye damu inayokwenda sentimita 15 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu, ni kama 225, kwa hiyo mtiririko ni tulivu na hakuna haja ya kutatua milinganyo mizito ya mwendo wa vimiminika. Andika tu kasi yenye umbo la parabola, kubwa kabisa katikati na sifuri ukutani.

Njia nyepesi zaidi ni kuuchukulia ukuta wa mshipa kama mpaka unaopoteza joto la h(T − 37), ambapo h ni nguvu ya damu kupoza kila mita mraba ya ukuta. Wengi huchukua namba ya Nusselt, ambayo h hukokotolewa kutokana nayo, ya 3.66 kutoka vitabuni na kupata h ya wati 373 kwa mita mraba kwa digrii. Namba hiyo ni ya bomba refu ambamo joto limekwisha kupenya hadi katikati, na kwa damu hii urefu unaotakiwa unazidi mita moja. Sehemu ya mshipa inayopashwa haizidi sentimita 4, na kwa urefu huo Nusselt hukaribia 16, na h kukaribia 1,600. Mshipa hupoza zaidi ya mara nne ya ulivyodhani, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mabaki ya uvimbe yamesalia ukutani au la. Ukiamua kutatua joto ndani ya mshipa wenyewe, fahamu kwamba tabaka linalobeba joto ukutani lina unene wa takriban milimita 0.3, kwa hiyo wavu hapo uwe wa milimita 0.1, na mhimili mmoja hautoshi tena. Kwa kazi hiyo hamia kwenye programu za bure kama Elmer, FEniCS au OpenFOAM.

Kipimo cha mwisho ni nyama halisi. Nunua ini la ng'ombe asubuhi katika soko la Marikiti au la Kongowea mjini Mombasa, liache lifikie joto la chumba, upenyeze bomba jembamba la shaba linalopitishiwa maji ya moto ndani yake, na uweke vipima joto vya waya umbali wa milimita 5 na 10. Katika msimbo, ω iwe sifuri na joto la kuanzia liwe lile ulilolipima chumbani, si 37. Baada ya dakika 10 kata ini, upime sehemu iliyopauka, kisha uilinganishe na mstari wa Ω = 1. Pima nafasi za vipima joto upya baada ya kukata, kwa sababu karibu na bomba kosa la milimita moja hubadilisha usomaji kwa nyuzi kadhaa.

Unapoandika matokeo, usitoe mpaka mmoja. Endesha msimbo kwa ω ya 0.008, 0.017 na 0.025, mshipa ukiwa milimita 5, 10 na 15 kutoka kwenye sindano, uchore mistari yote ya Ω = 1 juu ya mchoro mmoja, kisha utazame kama ule wa ndani kabisa bado unaufunika uvimbe pamoja na ukingo wa usalama wa milimita 5 hadi 10.