Maswali ya asilimia: kwanza tafuta mia iko wapi

Wanafunzi wa darasa la saba ninaowasaidia hisabati wanajua kuzidisha na kugawanya. Maneno ya swali ndiyo yanayowaangusha. Kikokotoo weka kando, shika penseli.

Hatua ya 1. Pigia mstari kinachofuata baada ya asilimia. "30% ya wanafunzi": mia ni wanafunzi wote.

Hatua ya 2. Zungushia "kwa" au "hadi". Bei ikishuka kwa 20%, imebaki 80%. Ikishuka hadi 20%, imebaki hiyo hiyo 20%.

Hatua ya 3. Namba uliyopewa ni ya kabla au ya baada? Hapa usiwe na haraka.

"Baada ya punguzo la 20%, shati liliuzwa sh. 36,000. Bei ya awali ilikuwa ngapi?" Wengi hutafuta 20% ya 36,000, wanapata 7,200, wanajumlisha: 43,200. Usishangae kulikuta jibu hilo kwenye machaguo. Mtunzi alishajua utapita huko. Lijaribu: 20% ya 43,200 ni 8,640, ukitoa inabaki 34,560. Haikubali. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, na hiyo ndiyo hatujaijua bado. Kwa hiyo 36,000 ni 80%.

Kanuni za kukariri sizipendi, mtoto huzichanganya akishaingia chumba cha mtihani. Andika mistari mitatu:

80% → 36,000
1% → 450
100% → 45,000

Kushuka kwenye 1% kwanza kunaonekana kurefusha kazi, lakini hakuna swali la aina hii linalokataa njia hiyo. Bei "pamoja na VAT" (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% ikiwa sh. 59,000, basi 59,000 ni 118%. 1% ni 500, bei bila kodi ni 50,000, kodi 9,000. (Kenya, kwa kiwango cha 16%, utaanza na 116%.) Ukiwa na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ya bidhaa zinazotozwa VAT, funika jumla isiyo na kodi, mwambie mtoto aitafute, kisha funua.

Tena, mia huhama. Bei ya 100 ikipanda kwa 10% inakuwa 110. Ikishuka kwa 10% inakuwa 99, maana safari hii tunakata 10% ya 110.

Hatua ya 4. Faida na hasara: swali lisiposema vingine, mia ni bei ya kununulia. Umenunua kwa 8,000, umeuza kwa 10,000: faida ni 2,000 juu ya 8,000, yaani 25%. Anayeandika 20% amegawanya kwa bei ya kuuzia.

Hatua ya 5. Rudisha jibu kwenye swali, kama tulivyofanya kwa 43,200.

Kamisheni usiichanganye na faida: mia yake kwa kawaida ni mauzo.