Somo: Kufunga ringi za spoku kwenye MGB iliyozaliwa na ringi za chuma

MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Mteja alichagua: ringi za chuma zenye stadi nne, au ringi za spoku zinazoingia kwenye habu ya meno na kubanwa na nati moja kubwa katikati. Ukiwa na gari la aina ya kwanza unaweza kulihamishia aina ya pili bila kukata bodi. Watu wawili wenye vifaa kamili huchukua siku moja na nusu. Njia tunayoeleza hapa ni ya habu mpya mbele na adapta nyuma, yaani habu ya meno inayofungwa juu ya stadi za zamani.

Nini kinabeba nini

Wengi hudhani meno ndiyo yanayobeba gari. Hapana. Meno huzungusha ringi na kuizuia wakati wa breki, basi. Uzito unakaa kwenye koni mbili: moja ndani, mzizini mwa habu, na ya pili kwenye nati yenyewe, inayobana ringi kutoka nje. Koni zikikaa sawasawa, ringi na habu huwa kitu kimoja. Nati ikilegea kidogo tu, ringi huanza kucheza, meno husagana, na habu ya miaka ishirini huisha kwa miezi. Karibu kila tatizo tunaloletewa hapa mwanzo wake ni koni, ingawa mwenye gari huja akilalamikia spoku.

Pima nyuma kabla ya kutoa pesa

Ekseli ya MGB ya spoku ni fupi kuliko ile ya ringi za chuma kwa karibu inchi moja na nusu. Kiwanda kilifanya hivyo makusudi. Ukiacha ekseli ndefu na kuongeza adapta, kila gurudumu la nyuma linatoka nje kwa takriban milimita 20, na kinacholigoja huko ni ukingo wa madigadi.

Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima kutoka ubavu wa tairi hadi ukingo wa ndani wa madigadi. Pima pande zote mbili, maana kwenye MGB pande hizo mara nyingi hazilingani. Ukipata chini ya milimita 30 kwa tairi la 165, jiandae kukunja ukingo au kutumia 155. Springi za nyuma zilizolala huzidisha tatizo, zishughulikie kwanza.

Vifaa

Habu 2 za mbele za meno, adapta 2 za nyuma, nati kubwa 4, ringi 5 za inchi 14 (spea ya zamani haitaingia tena popote), tyubu 5, mikanda 5 ya kulinda tyubu, sili 2 za grisi, pini mpya 2 za habu, shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi) za inchi 0.003, 0.005 na 0.010, na nyundo ya shaba au risasi ya kilo 2 hivi. Nyundo ya kawaida itakula masikio ya nati, yale mabawa yanayogongwa.

Angalia nyuzi kabla ya kulipa. MGB za mwanzo, zenye ekseli ya nyuma ya banjo (kasha lake la gia ni la duara), zilikuwa na nyuzi 12 kwa inchi; za baadaye zina 8. Kutoka kilele cha uzi hadi kinachofuata ni milimita 2.1 kwa za 12, na 3.2 kwa za 8. Nati na habu lazima ziwe za aina moja. Ukiona nati imeshika kidogo kisha ikagoma, usiipige.

Hatua ya 1: Mbele

Inua gari, liweke juu ya stendi, usiliache kwenye jeki. Fungua bolti mbili za kalipa na uining'inize kwa waya. Isibebwe na mpira wa breki. Toa kifuniko cha grisi, pini, nati na washa, kisha vuta habu pamoja na diski. Shimu na spesa (bomba fupi kati ya beringi mbili) vitoke kwa utaratibu, uvipange mezani kama vilivyokuwa.

Fungua diski kwenye habu ya zamani, safisha mahali inapokaa hadi chuma kionekane, uifunge kwenye habu mpya kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 54 hadi 61. Vikombe vya beringi viingie mpaka vigote chini. Ukigonga, sauti hubadilika kikombe kikifika, kutoka mlio wa wazi hadi mlio mzito.

Sasa shimu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Wapo wanaotupa spesa na shimu na kukaza nati kwa kuhisi, kama kwenye pikapu. Kwenye MGB spesa na shimu huigeuza ekseli ndogo ya mbele na beringi kuwa nguzo moja iliyobanwa. Ukivitoa, ekseli hiyo hupinda kidogo kila kona na mwisho hukatika. Funga kwanza na shimu nyingi ili habu icheze waziwazi, kaza nati, pima mchezo kwa geji ya saa, kisha punguza shimu hadi ubaki na inchi 0.002 hadi 0.004 (milimita 0.05 hadi 0.10). Nati ikazwe kati ya Nm 54 na 95. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza mpaka lilingane, usirudi chini ya 54. Habu ya meno ina tundu ubavuni. Pini hupitishwa hapo kwa koleo lenye mdomo mrefu.

Paka grisi kwenye beringi na katikati yake. Kifuniko usikijaze.

Hatua ya 2: Nyuma

Drami za zamani zinabaki. Hakikisha vichwa vya skrubu zinazoshika drami vimezama, maana adapta inatakiwa kulala bapa. Punje ya kutu hapo itafanya gurudumu liyumbe hata kama ringi yako ni mpya kabisa.

Vaa adapta kwenye stadi, weka nati fupi zilizokuja nayo, kaza kwa mshazari hadi Nm 82 hadi 88. Tazama stadi: zitakuwa zimepita nati. Zikibaki hivyo, ringi itagota kwenye ncha zake badala ya kukaa kwenye koni, na wewe utadhani umekaza. Weka alama, toa adapta, zungushia kila stadi nati ya kawaida, kisha kata kwa msumeno wa chuma. Ukiitoa ile nati, nayo inasafisha nyuzi ulizoziharibu. Rudisha adapta kwa gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati.

Halafu fanya jaribio hili. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto kwenye ncha za stadi, vaa ringi, kaza, toa. Udongo ukibanwa kabisa hadi chuma kuonekana, ringi bado inagota. Ukibaki milimita 2 au zaidi, sawa.

Hatua ya 3: Tairi

Pitisha kidole ndani ya ringi, juu ya kila mwisho wa spoku. Penye ncha, saga hadi ilingane na nati yake ndogo. Vuta mkanda wa kulinda tyubu, bandua karatasi zote zilizogandishwa ndani ya tairi (hukwangua tyubu taratibu), nyunyiza poda, jaza upepo, utoe wote, ujaze tena. Kujaza mara moja huacha mikunjo, na pancha huanzia kwenye mkunjo.

Balansi ifanywe na ringi ikiwa imeshikwa kwenye koni zake mbili. Mashine ikiibana kwenye ukingo wa tundu, namba zitatoka, lakini za uongo.

Hatua ya 4: Kufunga

Utando mwembamba wa grisi kwenye meno, koni na nyuzi. Kushoto na kulia hapa ni kwa aliyeketi ndani akitazama mbele. Kushoto nyuzi ni za kawaida. Kulia ni za kinyume. Usikariri. Ukigonga sikio la juu kuelekea nyuma ya gari unakaza, kuelekea mbele unafungua, upande wowote ule. Nati nyingi zina neno UNDO (fungua) na mshale.

Kaza gurudumu likiwa hewani. Likiwa chini, uzito wa gari huisukuma ringi upande mmoja na koni haikai katikati. Mapigo matano au sita mazito, hadi nati isisogee tena. Rudia baada ya kilomita 15, kisha 80, kisha 300. Kwenye ile ya 80 toa ringi za nyuma kabisa na ujaribu nati za adapta, kwa sababu zimefichika nyuma ya ringi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mombasa: Fundi, nina MGB GT (ile yenye paa la chuma) yenye tairi 185/70. Zitaingia?

Jibu: Mbele ndiyo. Nyuma, kwa adapta, tegemea kusuguana ukibeba abiria au ukipita tuta. Nenda 165/80R14. Ukizitaka 185 kwa lazima, tafuta ekseli fupi ya spoku, uibadilishe nzima pamoja na kebo zake za handibreki.

Nairobi: Wakuu, nikiachia klachi nasikia "klok" nyuma. Nikirudi rivasi, tena. Ringi ni za mtumba.

Jibu: Inaweza kuwa meno, inaweza kuwa jointi ya propela. Tenganisha hivi: gurudumu hewani, mtu akanyage breki kwa nguvu, shika tairi pande mbili ulizungushe mbele na nyuma. Likicheza huku drami imesimama, ni meno. Yatazame: meno mazima yana kilele bapa, yaliyoliwa yana ncha kali kama msumeno. Jaribu na ringi ya spea. Mchezo ukiisha, tatizo ni ringi. Ukibaki, ni habu.

Mwanachama mwingine: Naongezea, kaka: usivishe ringi mpya kwenye habu iliyokwisha ukisema utabadilisha habu baadaye. Habu hiyo itaila ringi mpya.

Dar es Salaam: Fundi wa tairi anasema akipaka silikoni kwenye spoku naweza kuacha tyubu. Kweli?

Jibu: Kwa ringi ya kawaida, hapana. Spoku husogea, na ukikaza mbili tu umepasua silikoni. Zipo ringi za spoku zilizozibwa kiwandani kwa ajili ya hilo, na huuzwa kwa jina hilo.

Arusha: Barabara yangu ni ya changarawe. Spoku zinalegea kila mara. Nikaze mwenyewe?

Jibu: Zigonge kwa spana ndogo ukizunguka ringi. Nzima hulia kama kengele, iliyolegea hutoa mlio uliokufa. Zikiwa mbili au tatu, zikaze mwenyewe, ila toa tairi kwanza, maana spoku ikikazwa inatokeza ndani na kutoboa tyubu. Zaidi ya hapo, mpelekee anayejua kunyoosha ringi. Ringi ikiyumba zaidi ya milimita 1.5 usukani utakwambia. Kwa njia hiyo fikiria pia ringi za spoku 72 badala ya 60.

Nakuru: Shikamooni wazee. Nati ya nyuma kulia inalegea kila wiki, na nyuzi ziko upande sahihi.

Jibu: Marahaba. Ringi zako zimepakwa rangi upya?

Nakuru: Ndiyo, zilipakwa rangi ya unga mwezi uliopita.

Jibu: Basi anzia hapo. Aliyepaka hakuziba koni. Rangi ya unga ni nene. Ukigonga nati unabana rangi, rangi inasagika, nati inabaki na nafasi. Iondoe kwenye koni zote mbili za ringi kwa dawa ya kutolea rangi, si kwa grenda, maana ukichimba koni umeua ringi. Kisha rudia jaribio la udongo kwenye stadi za upande huo, na usiliendeshe gari hadi umalize.