Zege, soda na mbio za Capri Point: jinsi ya kula chipsi bila kuharibu mazoezi yako

Kila Jumapili asubuhi tukimaliza kukimbia Capri Point hapa Mwanza lazima kuna mtu atauliza, jasho hata halijakauka, "sasa leo zege ruksa?" Zege ni chipsi mayai, kwa asiyejua. Na hapo hapo zinatokea kambi mbili, moja inasema chipsi ni sumu, ukila hata kidogo umeua wiki nzima, nyingine inasema mi nimeshakimbia bwana nakula ninachotaka. Mi nimekula zege miaka na miaka (nilikaa geto Nyegezi kipindi cha chuo, jiko lenyewe tulikuwa hatuna) na naona wote wanapuyanga. Chipsi inaingia vizuri tu kwenye maisha ya mtu wa mazoezi, ila inataka kupangiwa muda, na kazi kubwa unaifanya pale pale kibandani kabla jamaa hajaweka kikaango jikoni. Ukisubiri uje uifanye kesho yake barabarani umechelewa.

Twende na hesabu kwanza maana hapa ndo tunapojidanganya wengi. Kiazi cha kuchemsha gramu 100 kina kalori kama 87. Kiazi hicho hicho kikishakuwa chipsi, gramu 100 zinafika 300 hivi, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati wanga na protini zina 4 tu. Sahani iliyoshiba ya mtaani tuseme ni gramu 250, hapo uko 750, bado mayai mawili ambayo kila moja ni 70 na kitu, bado mafuta ya kikaangoni ambayo kila kijiko cha chakula ni 120. Zege moja inagonga elfu moja bila jasho. Sasa mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anachoma kalori kama 70. Gawanya mwenyewe. Ni kilomita 14 na ushee, yani utoke mjini kwa miguu uende Airport na upitilize, na hapo soda hatujaihesabu. Chakula ulichokimaliza kwa dakika kumi huku unachati.

Kwahiyo ile ya "si nitakimbia kesho" ifute kabisa kichwani. Kimbia kwa ajili ya pumzi, moyo, presha, usingizi, hata kwa ajili ya kupigana stori na wenzako, Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani na hizo hata mtu wa Mabatini au Igogo anayepanda yale mawe kila siku na ndoo ya maji anazifikisha bila kununua raba. Ila kalori zimalize sahanini.

Sasa sahanini unafanyaje. Nenda na mimi kibandani.

Ukifika usikae kwenye kiti na kuanza kuchezea simu, simama karibu na jiko uangalie. Cha kwanza ni karai. Mafuta mazuri unaona mpaka chini, yana rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, yana povu lisiloisha na yanatoa moshi hata kabla viazi havijaingia, hayo yamechemshwa siku nyingi na wanayaongezea tu juu, aga kistaarabu uondoke. Mi huwa nasema "nakuja kaka" afu sirudi. Pia nusa. Mafuta yaliyochoka yana harufu ya kukwaruza koo, huwezi kuikosea.

Cha pili angalia zege linavyopikwa. Chipsi zenyewe zilishakaangwa asubuhi, zimekaa kwenye kabati la kioo, zimeshakunywa mafuta yake. Jamaa anachukua upawa, anachota mafuta karaini, anamwaga kwenye kikaango, na ule upawa haumwagi kijiko kimoja ndugu yangu, ni vitatu vinne. Anatupia chipsi, anapasua mayai kwenye kikombe, anakoroga na kitunguu na hoho kidogo, anamwaga juu, likishikana anafunika na sahani anapindua. Ule muda kabla hajainua upawa ndo muda wako wa kuongea. Sema "kaka mafuta kidogo tu, chipsi zina yake". Wengine watakuangalia kama umetoka sayari nyingine, kuna mmoja aliniuliza kama naumwa, ila wanafanya. Na zege halishiki kikaangoni kama wanavyodai, nimeliona kwa macho yangu linapikwa na mafuta ya kupaka tu likatoka safi.

Afu badilisha uwiano. Badala ya chipsi sahani nzima na mayai mawili, sema chipsi nusu mayai matatu. Au chipsi kavu nusu na mishikaki mitatu. Yai moja lina gramu 6 za protini, na protini ndo inakukalisha umeshiba mpaka kesho, chipsi peke yake saa tano usiku utakuwa unafungua kabati kutafuta mkate. Kachumbari omba nyingi, ni ya bure pale na wengi tunaiacha pembeni kama pambo. Chumvi mwambie asimwage, jimwagie mwenyewe, maana kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya siku nzima pamoja na mboga ya nyumbani. Tomato ile nyekundu ya kwenye chupa mi nishaacha zamani, sukari na rangi tu, pilipili inatosha.

Soda sasa. Hapa sina huruma. Ukinambia uchague kitu kimoja tu cha kuacha kwenye huu mlo nitakwambia acha soda, zege lako endelea nalo. Kola ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, ni kama vijiko 13 vya chai. Jaribu siku moja kuweka vijiko 13 kwenye chai mbele ya mama yako uone kama hujafukuzwa. Wataalamu wanashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku na ikiwa chini ya 25 ndo vizuri zaidi, kwahiyo chupa moja imemaliza kila kitu na hujashiba hata robo. Enaji drinki ni ukoo ule ule. Maji ya kunywa bwana, makubwa ya baridi, kama unataka ladha kamulia ndimu.

Muda. Hii nilijifunza vibaya. Tulikuwa na bonanza Butimba, mechi saa kumi jioni, mi saa nane na nusu mchana nina njaa nikapiga zege kamili na soda ya baridi, nikajiona nimejaza tenki. Dakika ya ishirini kichomi kikanishika ubavuni kama mtu kanichoma na spoku, nikavumilia, kuja kupiga kona nikaona uwanja unazunguka, nikatoka nikaenda kutapika chini ya mwembe watoto wamekaa pale wanacheka mpaka wanalala chini. Chipsi nzima nzima. Sababu ni kwamba mafuta yanachelewesha tumbo kujimwaga, chakula kinakaa tu pale na wewe unaruka nacho. Kwahiyo mlo wa kukaanga uwe masaa matatu mpaka manne kabla ya mazoezi, na kama njaa imekubana karibu na muda kula ndizi mbivu, kiazi kitamu cha kuchemsha, mkate na chai, basi.

Baada ya mazoezi ndo hadithi inabadilika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana, Marekani, walichukua wanaume 11 wakawaendesha baiskeli dakika 90 mpaka akiba ya wanga kwenye misuli ikakauka, afu siku moja wakawalisha vyakula maalumu vya wanamichezo, siku nyingine wakawalisha baga, chipsi na pankeki za fasti fudi. Baada ya masaa manne wakawapeleka kilomita 20 kwa baiskeli. Muda haukutofautiana cha maana, na misuli ilijaa akiba sawasawa. Mi nikisoma hiyo nilifurahi kama nimeshinda mkeka wa kubeti. Ila angalia vizuri, wale walipewa sehemu ndogo zilizopimwa, na walikuwa wametoka kufanya kazi kweli dakika 90. Sio ile ya kwetu, mtu kazunguka uwanja mara mbili kapiga selfi tano afu anadai sahani ya watu wawili.

Na najua kuna mtu atanitajia Usain Bolt. Ni kweli, mwenyewe alisimulia kwamba Beijing 2008 aliishi kwa nagetsi za kuku za McDonald's kwa sababu chakula cha kule kilimshinda, na akarudi na dhahabu tatu (ile ya kupokezana vijiti walikuja kunyang'anywa baadaye kwa makosa ya mwenzie). Sawa. Ila zile zilikuwa siku chache, na yule mazoezi ndo ajira yake, wewe ajira yako ni kukaa.

Ukitaka kuona hii kwa macho nenda Kirumba mwaloni, pale soko la samaki ziwani, alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanashuka, wamevuta nyavu usiku kucha, wanakula chapati mbili tatu na maandazi ya mafuta na chai ya sukari nyingi, na ni wembamba, mgongo kama ubao. Juu pale barabarani kuna jamaa wa boda wanakula chapati zile zile kwa mama yule yule, afu wanapanda pikipiki wanakaa mpaka usiku. Mmoja ni rafiki yangu, kitambi kinagusa tenki la mafuta sasa hivi, na ananiambia ni urithi wa ukoo. Nilimshauri kitu kidogo tu, akisubiri abiria asikae juu ya pikipiki, ashuke atembee, na chapati iwe moja na maharage. Anasema anafanya. Sijui.

Kwa wiki mi najiwekea zege mara moja, mbili zikizidi, na nazipanga siku za mazoezi mazito, Jumamosi baada ya mpira au Jumapili baada ya mbio. Siku ya kushinda ofisini chipsi sigusi. Na usiku wa saa nne ule, ukiwa umechoka na kibanda kipo njiani kinanukia, ndo mtego wenyewe, dawa yangu ni kula kitu saa kumi na moja jioni kabla sijatoka kazini, hata karanga za mkono mmoja na tunda, nikipita pale nakuwa na akili zangu. Ukiwa na presha au sukari hizi ruhusa zangu usizichukue kama zilivyo, ongea na watu wa kliniki yako kwanza.

Kitu kingine, fasti fudi sio chipsi tu jamani. Hapa Mwanza tunavyo vya haraka vyetu tunavidharau. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, unaweka mfukoni na karanga unatafuna kwenye daladala kutoka Igoma mpaka mjini, hakuna kupika hakuna mafuta. Mhindi wa kuchoma. Ndizi ya kuchoma na mishikaki. Na dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kaanga kavu kavu na kitunguu, nyanya na ndimu, dakika kumi umemaliza, watu wa jimu wananunua unga wa protini kwenye makopo kwa mahela na wamepakana na ziwa.

Afu kuna sato. Jumapili baada ya mbio badala ya kibandani siku nyingine shukeni ziwani, mchange. Chagua samaki mwenyewe kabla hajapelekwa jikoni, macho yawe yamejaa na yanang'aa, sio yaliyozama yenye ukungu, fungua mashavu uone wekundu, bonyeza nyama irudi. Mwambie dada amchome, ampake ndimu na kitunguu saumu. Kama roho inataka wa kukaanga sawa, ila uliza mafuta ya lini, na akikaangwa mzima na ngozi yake amekauka vizuri anabeba mafuta kidogo kuliko aliyekatwa vipande vipande. Ugali kipande kimoja, kachumbari iliyojaa, pilipili ya mbuzi pembeni. Na bei mkubaliane kabla hajawasha mkaa, maana mkishaanza kula mkiwa na jasho na raba miguuni wanajua mna njaa, hamtoki hapo salama.