Kuhamisha na kunakili maandishi katika Word bila kuvuruga waraka

Kuhamisha maandishi na kuyanakili ni kazi mbili zinazotofautiana kwa hatua moja tu: anayehamisha huyakata na kuyaondoa pale yalipokuwa, ilhali anayenakili huyaacha yalipo na kupata nakala ya kuipeleka kwingine. Katika Microsoft Word kwenye kompyuta ya Windows, Ctrl+X hukata, Ctrl+C hunakili na Ctrl+V hubandika, na vitufe hivyo hivyo hutumika katika LibreOffice Writer na Google Docs. Kwenye Mac, nafasi ya Ctrl huchukuliwa na Command. Hayo wengi wanayajua. Kinachopuuzwa ni hatua inayotangulia, yaani kuchagua maandishi, na ndipo panapoanzia sehemu kubwa ya usumbufu unaoonekana baada ya kubandika.

Tuchukue muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa. Ajenda ya mikopo imeandikwa kabla ya ajenda ya michango, na mwenyekiti anataka ya michango itangulie. Katibu anaburuta kipanya kutoka neno la kwanza la aya hadi nukta ya mwisho, anakata, kisha anabandika juu. Kule alikokata inabaki namba ya ajenda isiyo na maneno, na kule alikobandika aya mbili zimeshikana. Sababu ni kwamba kila aya katika Word humalizikia kwenye alama ya aya, ambayo kwa kawaida haionekani, na alama hiyo ndiyo inayobeba namba, ujongezo na nafasi kati ya mistari. Katibu amechukua maneno akaiacha alama. Ukibonyeza Ctrl+Shift+8, alama hizo hujitokeza kwenye skrini (¶), na ukibonyeza tena hufichika. Ni vyema kuziacha wazi wakati wote unapopanga upya waraka mrefu, hata kama mwanzoni zinachosha macho.

Njia ya uhakika ya kuchukua aya pamoja na alama yake ni kubofya mara tatu popote ndani ya aya hiyo. Ukibofya mara mbili unapata neno moja, na ukibofya huku umeshikilia Ctrl unapata sentensi nzima. Kwa maandishi yanayovuka kurasa kadhaa, usiburute kipanya, kwa kuwa skrini hukimbia na kupita pale ulipokusudia. Bofya mwanzo wa sehemu hiyo, teremka hadi mwisho wake, kisha shikilia Shift na ubofye hapo. Anayependelea kibodi atumie Ctrl+Shift pamoja na mshale wa kulia ili kuchagua neno baada ya neno, au mshale wa chini ili kuchagua aya baada ya aya. Ctrl+A huchagua waraka wote.

Kwa kweli, katibu wetu hakuhitaji hata kukata. Angeweka kielekezi ndani ya aya ya michango, akashikilia Alt+Shift na kubonyeza mshale wa juu, aya ingepanda yenyewe hatua kwa hatua pamoja na alama yake, na namba za ajenda zingejipanga upya. Katika LibreOffice Writer kazi hiyo hufanywa kwa Ctrl+Alt na mshale. Kwa maoni yangu, hakuna njia ya mkato inayookoa muda kuliko hii, na inashangaza kuwa ni wachache wanaofundishwa. Kuyaburuta maandishi yaliyochaguliwa kwa kipanya kunawezekana pia, na ukishikilia Ctrl wakati wa kuyaachia unapata nakala. Lakini kwenye kompyuta mpakato kidole huteleza kirahisi, nayo maandishi yakaangukia katikati ya sentensi nyingine.

Unapokata au kunakili, maandishi huhifadhiwa kwa muda kwenye ubao wa kunakili. Ctrl+V hutoa kile kilichoingia mwisho peke yake, hivyo ukikata aya kisha ukanakili kitu kingine kabla ya kuibandika, aya hiyo haitarudi kwa Ctrl+V. Windows 10, kuanzia toleo la mwishoni mwa 2018, na Windows 11 zina historia ya ubao huo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, iwashe mara ya kwanza, na kuanzia hapo utaona hadi vitu 25 vilivyopita. Anayechapa barua zake steshenari akumbuke kufuta historia hiyo kabla ya kuondoka, maana namba ya kitambulisho au nywila iliyonakiliwa inaweza kuwa bado imekaa humo ikimsubiri mteja anayefuata.

Jambo linalobaki ni sura ya maandishi. Yanayotoka kwenye tovuti huja na fonti, rangi na ukubwa wa huko. Baada ya Ctrl+V, ikoni ndogo hutokea mwishoni mwa ulichobandika. Bonyeza Ctrl kisha T ili yabaki maandishi matupu, au Ctrl kisha M ili yafuate sura ya waraka wako huku maneno yaliyokolezwa na ya mlazo yakihifadhiwa. Ya pili ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi za ofisini, kwani ya kwanza huondoa hata picha. Katika Google Docs na matoleo mapya ya Word, Ctrl+Shift+V hubandika maandishi matupu moja kwa moja.

Maandishi yanayotoka kwenye PDF yana kero yake: kila mstari huweza kuja kama aya inayojitegemea. Yachague maandishi hayo peke yake, bonyeza Ctrl+H, andika ^p (inayowakilisha alama ya aya) kwenye sehemu ya kutafuta na nafasi moja tupu kwenye sehemu ya kubadilisha, kisha badilisha yote. Word ikiuliza iwapo iendelee na sehemu iliyobaki ya waraka, jibu hapana. Ukikubali, aya zako zote zitaungana, nawe utahitaji kutengua mara moja kwa Ctrl+Z.