Dereva wa chini ya miaka 18 na simu nchini Marekani: kuisoma sheria ya jimbo lako na kuiandaa simu kabla ya safari

Mzazi hununua kishikio cha simu, huiunganisha simu ya kijana na spika za gari kwa Bluetooth, kisha hujiona amemaliza kazi. Kwa dereva mtu mzima, katika majimbo mengi, kweli amemaliza. Kwa dereva wa miaka 16 au 17 maandalizi hayo yanaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe. Majimbo zaidi ya 30, pamoja na Washington, D.C., yanawakataza madereva wadogo au wapya kutumia simu kwa namna yoyote ile, hata kama mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Hakuna sheria moja ya nchi nzima kwa madereva wa kawaida. Kila jimbo lina yake, na inayokuhusu ni ya jimbo unamoendesha, si ya jimbo lililokupa leseni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma.

Namna ya kukisoma kifungu

Fungua kitabu cha dereva cha idara ya leseni ya jimbo lako, halafu tafuta maneno ya sheria yenyewe. Usiishie kwenye kitabu, maana mara nyingi hufupisha na kuacha yale yanayokuponza.

Anza na swali la nani anabanwa. Majimbo mengine hutazama umri. California inawabana wote walio chini ya miaka 18, kwa kifungu 23124 cha sheria ya magari kilichoanza kutumika Julai 1, 2008. Illinois imeuweka mstari kwenye miaka 19, na hapo ndipo vijana wengi hujikwaa: ametimiza 18, anadhani amekuwa huru, kumbe bado mwaka mzima. Majimbo mengine hutazama daraja la leseni badala ya umri. Michigan, tangu 2013, inawazuia wenye leseni ya daraja la 1 na la 2, yaani hatua za mwanzo za leseni ya kijana. New Jersey nayo hutazama leseni ya majaribio (ile inayotangulia leseni kamili), kwa hiyo kufikisha miaka 18 peke yake hakukutoi kifungoni.

Swali la pili ndilo zito: je, kuongea bila kushika simu kunaruhusiwa? Texas ni mfano mzuri wa kuonyesha jinsi watu wawili ndani ya gari moja wanavyoweza kuwa chini ya sheria mbili. Sheria ya jimbo zima ya mwaka 2017 inamkataza mtu mzima kusoma na kuandika meseji, lakini haimkatazi kupiga simu. Mwanawe wa miaka 17 akishika usukani hatakiwi kutumia simu kabisa, isipokuwa kwa dharura. California, Illinois na New Jersey nazo hazimpi kijana nafuu ya spika wala ya kifaa cha sikioni. New York imekwenda njia nyingine: kuongea bila kushika kunaruhusiwa, ila mwenye leseni ndogo (leseni ya vijana yenye masharti), leseni ya majaribio au kibali cha kujifunzia akinaswa ameishika, kosa la kwanza tu linamsimamishia leseni au kibali kwa siku 120.

Kisha tazama neno "kuendesha" limefafanuliwaje. Kusimama kwenye taa nyekundu bado ni kuendesha huko California na New York. Ohio imeandika wazi zaidi: gari liwe limesimama na liwe nje ya njia ya magari. Kwa maneno mengine, foleni haihesabiki kuwa maegesho.

Ramani inahitaji jicho la pekee. Ohio inamruhusu dereva wa chini ya miaka 18 kutumia kifaa cha kuonyesha njia, mradi kinaendeshwa kwa sauti au bila kuguswa kwa mkono. Kifungu cha California kwa vijana hakitaji ramani miongoni mwa ruhusa zake. Kinataja dharura tu, yaani kumpigia polisi, zimamoto, mhudumu wa afya au kikosi kingine cha dharura. Vile vipimo vya kishikio vinavyozungumzwa sana California (mraba wa inchi 7 kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele upande wa abiria, au inchi 5 upande wa dereva, nje ya eneo la mfuko wa hewa) ni vya dereva mtu mzima, ambaye pia anaruhusiwa mguso mmoja au mtelezo mmoja wa kidole. Kijana asivichukulie kuwa kibali chake.

Mwisho, angalia kama polisi wanaweza kukusimamisha kwa kosa hilo peke yake. California hairuhusu kumsimamisha dereva kwa lengo tu la kujua kama kijana anaongea kwa spika, lakini akisimamishwa kwa mwendo kasi au taa mbovu, kosa la simu linaweza kuongezwa. New Jersey imerahisisha kazi ya polisi: tangu Mei 2010, madereva wenye kibali cha kujifunzia au leseni ya majaribio walio chini ya miaka 21 hubandika stika nyekundu kwenye vibao vya namba, mbele na nyuma.

Kuhusu adhabu, usidanganywe na kiasi kilichoandikwa kwenye kifungu. California inasema dola 20 kosa la kwanza na dola 50 yanayofuata, lakini hicho ni kiwango cha msingi. Tozo za mahakama na za kaunti huongezwa juu yake na jumla hupanda mara kadhaa. Tangu Julai 2021, kosa la pili ndani ya miezi 36 huleta pia pointi ya kosa kwenye rekodi ya udereva, na pointi ndiyo inayosomwa na kampuni ya bima. Ohio haizungukizunguki: dola 150 na leseni kusimamishwa siku 60, ukirudia, dola 300 na mwaka mzima.

Kuiandaa simu

Kwa iPhone, ingia Settings, kisha Focus, kisha Driving, yaani hali ya kuendesha inayonyamazisha arifa njiani. Kama haipo, bonyeza alama ya kujumlisha uiongeze. Utapewa njia tatu za kuiwasha: simu itambue mwendo yenyewe, iwake ikiunganishwa na Bluetooth ya gari, au uiwashe kwa mkono. Kwa kijana chagua ya kwanza. Sababu ni hii: simu iliyounganishwa na Bluetooth ya gari huruhusu simu zinazoingia zipite kwenye spika hata hali ya kuendesha ikiwa imewashwa. Mtengenezaji alimfikiria mtu mzima. Katika jimbo linalokataza spika kwa vijana, mpangilio huo unamletea kosa mlangoni.

Kwa hiyo nenda kwenye orodha ya Bluetooth ya gari ufute simu ya kijana. Kama ni lazima ibaki kwa ajili ya muziki, ingia kwenye mipangilio ya kifaa hicho ndani ya gari uzime upande wa simu na uache wa sauti tu. Magari mengi yanazitenganisha.

Kasoro ya kutambua mwendo ni kwamba simu huchelewa kidogo. Gari linaweza kuwa limeshatoka getini na kufika njia kuu kabla haijajua. Zoea la kuiwasha kwa mkono kabla ya kufunga mkanda huziba pengo hilo. Kasoro nyingine ni kinyume chake: huwaka pia kijana akiwa abiria, naye huibofya kuwa haendeshi. Akishaizoea hiyo njia, ataitumia na siku anayoendesha. Hakuna mpangilio unaotibu hilo.

Weka jibu la moja kwa moja liende kwa watu wote walioko kwenye orodha ya majina, si wa karibu tu. Andika fupi: "Naendesha. Nitakujibu nikifika." Kisha funga mlango nyuma yako, kijana asiweze kuizima: rudi Settings, ingia Screen Time, sehemu ya vizuizi vya maudhui na faragha, shuka hadi palipoandikwa kuruhusu mabadiliko, tafuta Driving Focus, kataza. Namba ya siri ya Screen Time abaki nayo mzazi, na isifanane na ile ya kufungulia simu.

Kwenye Android majina hutofautiana kwa mtengenezaji. Andika neno "driving" kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya mipangilio, washa hali hiyo pamoja na ile ya kutosumbuliwa, na uhakikishe wapigaji wanaorudia mara mbili hawajaruhusiwa kupita. Tundu hilo husahaulika sana.

Saa ya mkononi nayo ni kifaa cha mawasiliano. Ikibaki inatetema kifundoni, yote uliyofanya kwenye simu ni bure.

Kabla gari halijaondoka

Njia iangaliwe mezani, na kona tatu au nne muhimu ziandikwe kwenye karatasi. Muziki uchaguliwe wote kabla ya kuwasha injini, au iwe redio. Kubadili wimbo mmoja kwa sekunde 5 kwenye mwendo wa maili 55 kwa saa ni kama mita 120 za barabara zisizotazamwa. Simu iende kwenye begi, kiti cha nyuma. Kwenye mapaja au kwenye kishikilia kikombe itaonekana ikiwaka.

Na mzazi usimpigie kijana unayejua yuko njiani. Ukitaka kujua alipo, washeni huduma ya simu ya kuonyeshana mlipo, uangalie mwenyewe bila yeye kugusa kitu. Wanaopiga simu nyingi kwa kijana anayeendesha huwa ni wa nyumbani kwake.

Dharura ikitokea, atoke kwenye njia ya magari, awashe taa za hatari, ndipo apige 911, namba ya dharura. Muda wa kupiga simu hiyo hubaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, na picha ya ukurasa huo ndiyo ushahidi wake akija kuulizwa.

Akisimamishwa na polisi

Asiinyanyue simu kutafuta bima. Nakala ya bima ikae kwenye droo ya dashibodi. Akiombwa kuonyesha yaliyomo kwenye simu, anaweza kukataa kwa heshima. Mwaka 2014, katika shauri la Riley dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hata mtu aliyekamatwa, simu yake kwa kawaida haipekuliwi bila hati ya mahakama. Kukataa kupekuliwa si kukataa leseni: leseni, usajili wa gari na bima lazima avitoe.

Tiketi ikiandikwa, soma jina la mahakama kabla ya kulipa chochote. Ohio, kwa mfano, hupeleka makosa ya barabarani ya walio chini ya miaka 18 kwenye mahakama ya watoto, na mzazi huitwa pamoja naye. Kulipa haraka kwa kawaida huhesabiwa kuwa kukiri, na leseni ndogo ikishasimamishwa kwa kukiri huko, kuirudisha kuna ada na foleni yake.